Hapa Hatuandiki Mtu

Nilimchukia kwa wiki tano nzima, na ninalisema hilo mapema ili msomaji asinidhanie wema nisiokuwa nao. Alifika ofisini kwetu Kitale asubuhi moja ya baridi, wakati mahindi yanapaliliwa, amevaa sweta ya kijani na viatu vya matope, na kwapani amebana rejista kubwa nyeusi ya gamba gumu. Mkurugenzi akatuambia kwamba huyu ndiye atakayetushika mkono mpaka tupate cheti cha ubora. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilipiga mawili, nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Kampuni yetu ni ndogo. Wakati huo tulikuwa watu kumi na mmoja, sita Kitale na watano Bungoma, na kazi yetu kubwa ilikuwa programu ya zahanati za mashambani. Mgonjwa anaandikishwa, anapimwa, programu inamsaidia muuguzi kukokotoa kipimo cha dawa, na kumbukumbu zinabaki. Zahanati karibu zote tulizohudumia zilikuwa za wamisheni, chini ya ofisi moja. Ofisi hiyo ilituandikia barua ya upole sana. Walitushukuru kwa huduma, wakatuombea baraka, kisha mwishoni wakasema kwamba kuanzia mwaka ujao hawatatumia programu ya kampuni isiyo na cheti cha viwango vya ubora vya kimataifa. Sisi hatukuwa nacho. Wale watano wa Bungoma walikuwepo kwa ajili ya zahanati hizo tu, na zikituacha, mlango wa Bungoma ungefungwa. Kila mmoja alilijua hilo, na hakuna aliyelisema kwa sauti.

Ndipo akaletwa huyu mama. Alikuwa mtu wa Bungoma, wa makamo, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda kimoja cha maziwa. Tulimwita Madam, kama tunavyowaita wakubwa wote wa kike. Hakujua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu mimi nilikuwa na sifa zangu.

Zahanati ikipiga simu kwamba programu imekwama, sikuuliza maswali mengi. Nikiweza kuingia kwenye kompyuta yao kupitia mtandao, niliingia. Mtandao ukigoma, nilipanda pikipiki ya ofisi, iwe mvua iwe jua. Nikifika nilikaa mbele ya mashine yao na kuirekebisha palepale, wauguzi wamenizunguka, na baada ya nusu saa kazi imekwisha. Nilirudi Kitale na maparachichi, na ndizi, na mara nyingine kuku mzima amefungwa miguu. Sikuandika popote nilichobadilisha. Kilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu nilikiamini kuliko rejista ya mtu yeyote.

Siku yake ya kwanza ya kutufundisha, alisimama mbele ya ubao akasema maneno machache. Mkitaka kubadilisha kitu, kiandikwe. Mtu mwingine akiangalie. Halafu ndiyo kitoke. Mimi si mtu wa kunyamaza, nikainua mkono.

"Madam, kwa heshima," nikasema, "maziwa ni maziwa. Hii ni programu."

"Sawa, baba," akajibu, wala hakukasirika. "Maziwa ikiharibika inanuka. Yako ikiharibika inanuka?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Nilikasirika siku mbili.

Rejista yake aliiweka juu ya meza karibu na thamosi ya chai, kwa sababu aliona hapo ndipo kila mtu hupita. Alikuwa ameigawa kwa rula: kilichotokea, kilichoruhusu kitokee, tulichobadilisha, na aliyethibitisha. Nyingine kama hiyo akaipeleka Bungoma. Kisha akangoja. Wiki ya kwanza hakikuandikwa kitu. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tano ilipokwisha rejista zote mbili zilikuwa nyeupe kama nguo za kipaimara, na sisi kila siku tulikuwa tunakosea, tunarekebisha, tunasonga.

Alituita sote Bungoma siku moja, akatumiminia chai yeye mwenyewe, akauliza kwa nini. Tukaangalia vikombe. Mwishowe akasema mwenzetu mmoja wa pale Bungoma, mwanamume mpole aliyepokea simu za zahanati.

"Madam, si ati hatukosei," akasema. "Lakini nikiandika hapo ati fulani ameharibu, si hiyo ni kumshtaki? Huyu tunakunywa chai na yeye. Mama yake akifa, si ni mimi nitaenda kusaidia kuchimba kaburi? Sasa nitasimama aje hapo na nimemwandika?"

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amesema ukweli wetu wote. Kwetu kosa la mwenzako unalimaliza kwa maneno, mkiwa wawili, na likiisha limeisha. Likishaandikwa linakuwa kesi. Nilidhani huyu mama atatuhubiria. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akatushukuru, akapanda gari akarudi nasi Kitale bila kulizungumzia tena.

Kesho yake ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi. Fomu ya zamani imetumwa Bungoma badala ya mpya. Kilichoruhusu: fomu mbili zinafanana na hazina tarehe. Tulichobadilisha: kila fomu sasa ina tarehe juu. Sehemu ya kuthibitisha ilikuwa wazi. Akaniita mimi, katika watu wote.

"Njoo uangalie kama ni kweli."

Nikaangalia fomu. Zilikuwa na tarehe. Nikatia sahihi.

"Ni nani alituma hiyo fomu?" akaniuliza.

"Si ni wewe?"

"Ni mimi. Sasa niambie, jina langu liko wapi hapo?"

Nikasoma tena, mstari kwa mstari. Halikuwepo.

"Hapa hatuandiki mtu," akasema. "Tunaandika kitu. Mtu ni wa kuchimba naye kaburi."

Lazima niseme wazi: hapo nilianza kumheshimu, ingawa niliificha heshima hiyo kama mtu anayeficha pengo la jino. Yeye alikuwa amekubali kuonekana mjinga mbele yetu ili sisi tupate kupumua. Wiki hiyohiyo yule mpole wa Bungoma aliandika mambo mawili. Mwingine akaandika moja. Kurasa zikaanza kuchafuka kwa wino na madoa ya chai, na yeye akizipitia kila Ijumaa na miwani yake imeteremka puani.

Ijumaa moja akaweka kidole kwenye mistari mitatu, akaniuliza kama hii si kitu kimoja. Mmoja aliandika kwamba jina la mgonjwa limejirudia. Mwingine, kwamba kadi imepotea. Wa tatu, kwamba mashine imewaka upya na foleni imevurugika. Nikamwambia hapana, ni mambo matatu. Akasema, "Lakini yote imefanyika siku stima imepotea." Nilikaa nayo mchana mzima. Alikuwa amesema kweli. Umeme ukikatika wakati muuguzi anaandikisha mgonjwa, programu yetu iliacha kazi nusunusu, na kila mara uchafu huo ulionekana kwa sura tofauti. Mimi nilikuwa nimeurekebisha palepale labda mara kumi, nikidhani ni magonjwa kumi. Mama asiyejua programu aliuona ni mmoja kwa sababu ulikuwa umeandikwa. Tuliuua kwa siku tatu na haukurudi tena.

Ungedhani baada ya hapo nilikuwa nimeokoka. Niliandika, ndiyo, lakini niliandika vitu vya wengine na vile vidogo vyangu. Sifa ya mtu ni ngumu kutoka, kama utomvu wa ndizi kwenye nguo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Muuguzi mkuu wa zahanati moja ya Kabuchai, tuliyemwita Sista, aliwahi kuniomba nimpunguzie kuandika. Foleni ilikuwa ndefu na programu ilimwuliza kila kitu upya kwa mgonjwa yuleyule. Nikamfanyia hisani. Nikaiweka programu ijaze yenyewe yale yaliyoandikwa ziara iliyopita, pamoja na uzito. Muuguzi angebadilisha tu kilichobadilika. Sista alinisifu sana, na zahanati nyingine zote zikaletewa hisani hiyo.

Tatizo ni kwamba kipimo cha dawa ya mtoto hutokana na uzito wake. Siku moja Sista alinipigia simu, sauti imebadilika. Alikuwa amempima mtoto, foleni imemsonga, akasahau kubadilisha kilo, na programu ikampa kipimo cha kilo za mwezi uliopita. Mtoto huyo alikuwa amekonda. Sista aliiona namba akashtuka, kwa kuwa ana macho na miaka mingi ya kazi. Hakuna kilichotokea.

Nilipanda pikipiki palepale. Nilipita katikati ya mashamba ya miwa nikijilaani njia nzima. Nikafika, nikalifanya lile sanduku la uzito kwenye skrini liwe tupu kila jina la mtoto linapofunguliwa, na lisipojazwa programu isitoe kipimo. Kazi ya dakika ishirini. Sista akanifungia mkungu mdogo wa ndizi kwenye pikipiki, akasema Mungu anibariki.

Rejista ilinisubiri kando ya thamosi, nami nikaipita. Hisani ile ilikuwa yangu, kila mtu alijua ni yangu, na nilihisi kwamba hata nikiandika kitu, watasoma mtu. Nilijiambia nitaibadilisha kwenye nakala kuu ya Kitale jioni hiyo, ndipo iende zahanati zote, na hakutakuwa na haja ya maneno. Jioni hiyo zahanati ya Naitiri wakapiga simu, mtandao umekufa. Kesho yake kukawa na lingine. Likatoka kichwani mwangu, kichwa kile nilichokiamini. Baada ya wiki chache tukatuma toleo jipya la programu, lililotokana na nakala kuu ileile, kwa zahanati zote. Nilifanya kama fundi anayerekebisha suruali moja iliyo mwilini mwa mteja, halafu dukani anaendelea kukata zingine kwa kipimo kilekile kibovu.

Ukaguzi wa cheti ulipangwa ufanyike Bungoma. Wiki yake ilipofika tulifanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na watu wa kwetu tu. Mgeni anakuja, na mgeni haingii nyumba chafu. Tulipaka rangi ukuta, tukapiga sakafu nta, mkurugenzi akanunua jogoo mwekundu wa kumpa mkaguzi aende naye nyumbani. Kisha, Madam akiwa Kitale, tukaitazama rejista ya Bungoma, madoa yake, mistari iliyokatwa, makosa yasiyokwisha, na tukaona aibu. Tukanunua mpya. Mwenzetu mwenye mwandiko mzuri akanakili hitilafu saba tu, zile nzuri nzuri, zote zimemalizwa na kuthibitishwa. Ile ya zamani tukaitupa juu ya kabati. Mimi ndiye niliyepanda kiti kuitupa.

Madam alifika asubuhi ya ukaguzi, akafungua ile mpya, akaifunga. Akauliza ya zamani iko wapi. Nikapanda kiti tena.

"Mmefagia," akasema akipangusa vumbi kwa kiganja, "mmefagia mpaka mbegu."

Akaiweka ile chafu mezani. Yule jogoo akaamuru afunguliwe kamba, arudishwe alikotoka, kwa kuwa mkaguzi hapewi kitu. Mkurugenzi akanung'unika kwamba mgeni kuondoka mikono mitupu ni mkosi. "Atakunywa chai," akasema Madam. Kumbe hata chai mkaguzi aliikataa, akaomba maji.

Alikuwa mwanamume mwembamba kutoka Nairobi, mpole, wa maswali mafupi. Rejista ile chafu aliipenda. Niliona kabisa. Alifuata mstari mmoja mmoja kwa kalamu yake, akaomba aonyeshwe tulichobadilisha, akaonyeshwa, akaitikia kwa kichwa. Ilipofika saa sita wenzetu wa Bungoma walikuwa wameanza kutabasamu. Yalibaki mambo madogo. Mkaguzi akasema angependa kuzungumza na mtumiaji mmoja wa programu, yeyote, na akaweka kidole kwenye orodha. Kikaangukia Kabuchai.

Simu ikawekwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Sista akasalimia kwa furaha, mulembe, mulembe, habari za kwenu. Mkaguzi akamwuliza kama anaridhika na huduma.

"Hawa watu wako vizuri sana," akasema Sista kwa lafudhi ya kwao. "Huyo kijana wao, nikimpigia tu, amefika. Hata ire shida ya kilo alitengeneza siku hiyohiyo. Harafu sasa imerudi, lakini mimi naangalia kwa macho, hakuna neno."

Nikaitazama rejista iliyokuwa mezani.

"Shida ya kilo ni ipi?" akauliza mkaguzi, akafungua rejista. Sista akamweleza, kwa moyo safi, kila kitu. Mkaguzi alipekua kurasa taratibu, mbele, nyuma, mbele tena. "Naomba mnionyeshe ilipoandikwa," akasema.

Madam hakuangalia rejista. Aliinamia simu.

"Sista, imerudi tangu lini?"

"Tangu mlituletea hiyo mpya."

Akainua uso. Hakuuliza ni nani. Mkurugenzi alikuwa anafuta jasho, na wale watano wa Bungoma walikuwa wameganda kwenye viti vyao, nami nilijua kwamba maneno yangu machache yangeweza kuwatoa kazini. Nilijua pia kuna zahanati ambazo hazina Sista mwenye macho yale. Sijui ningefanya nini kama angekuwa amenitazama kwa hasira. Alitazama tu, kama mtu anayengoja chai ichemke.

"Ni mimi," nikasema. "Nilirekebisha Kabuchai peke yake. Toleo jipya limeifunika. Iko kila mahali."

Akasimama. "Mkaguzi, utatusamehe. Tunasimama hapa kwanza."

"Madam," mkurugenzi akasema kwa sauti ya chini, "si tumalize? Imebaki tu kama dakika arobaini, bana."

"Dakika arobaini ni watoto wangapi, bosi?"

Hakungoja jibu. Akagawa simu mezani kama mtu anayegawa majembe shambani. Huyu Naitiri, huyu zile za mlimani, yule mpole zile za karibu na mji. Ujumbe ni mmoja: wasitumie kabisa ukurasa wa dawa, warudi kwenye chati ya ukutani, na watoto wote waliopimwa tangu asubuhi waangaliwe upya. Mimi alinipa Malakisi.

Muuguzi wa Malakisi alikuwa msichana mgeni kazini. Nilimweleza. Kisha akasema, "Ngoja, usikate," na nikasikia simu ikiwekwa mezani, na viatu vikikimbia, na mlango. Nilisimama dirishani nikiwa nimeishika simu kwa mikono miwili. Sijamwomba Mungu mara nyingi maishani mwangu, lakini hapo niliomba, na sikujua hata maneno. Baada ya muda mrefu akarudi akihema.

"Nimempata mama ya mtoto," akasema. "Alikuwa ametoka kwa geti. Alikuwa hajampatia mtoto bado, dawa ilikuwa kwa mfuko. Mtoto ameharisha wiki mbili, amebaki kilo nane, na mimi nilimwandikia ya kilo kumi na moja."

Nilirudi mezani nikaketi. Nililia, mbele ya mkaguzi na mbele ya wote, na sikujali.

Simu zilipokwisha Madam alinisogezea rejista. Nikaandika kilichotokea. Kwenye sehemu ya pili, kilichoruhusu kitokee, nikaandika: uzembe wangu. Alisoma juu ya bega langu, akatoa rula, akayakata maneno hayo kwa mstari ulionyooka.

"Uzembe ni mtu," akasema. "Ukiondoka wewe, atakuja mwingine na yake. Andika kitu."

Nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Mwishowe nikaandika kwamba mtu mmoja anaweza kubadilisha mashine ya zahanati bila mwingine kujua. Nilipoyasoma maneno hayo nikaona kwamba miaka yangu yote ya sifa ilikuwa imekaa ndani yake, pikipiki, ndizi na kuku. Hakuna aliyewahi kuniambia ukweli mkali kiasi hicho kwa upole kiasi hicho, na aliniacha niuandike kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkaguzi alikuwa amekaa muda wote huo, kompyuta yake ameifunga. Aliandika kwamba ni hitilafu kubwa, na kwamba cheti hakitatoka siku hiyo. Atarudi baada ya miezi mitatu kuona tumefanya nini. Kisha akaomba chai. Alirudi kweli, na tulipata cheti, na ofisi ya Bungoma ipo mpaka leo na watu wake watano. Siku hizi hakuna anayeweza kugusa mashine ya zahanati peke yake, mimi nikiwa wa kwanza. Nimeambiwa kampuni nyingine huuchukia utaratibu wa namna hii, wanauona ni makaratasi. Mimi nikiwasikia huwa nakasirika, na kukasirika kwangu mnakujua.

Lakini kesho yake, kabla ya hayo yote, tulikwenda Malakisi, mimi na Madam, rejista ameibana kwapani. Nilikuwa nimekesha nikirekebisha nakala kuu, mwenzangu mmoja akiangalia kila nilichogusa, na sehemu ya mwisho ya mstari ule ilikuwa bado wazi. Nilimwambia nitathibitisha mwenyewe. Akasema mtu hajithibitishi.

Yule mama aliyekimbiliwa getini alikuwa ameambiwa arudi na mtoto. Alikuwa mkulima wa tumbaku, vidole vyake vimeingia weusi wa majani. Muuguzi akafungua jina la mtoto kwenye kompyuta, na sanduku la uzito likawa tupu, nami nikapumua. Mama akaniangalia.

"Wewe ndiyo daktari wa kompyuta?"

"Mimi ni fundi tu, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliifanya ikosee dawa ya mtoto wako."

Nilikuwa tayari kwa lolote, na ningekuwa mahali pake ningetukana.

"Na jana ni nani alipiga simu?" akauliza.

"Ni mimi pia."

Mizani ya pale ni ya kusimama. Mama hupimwa kwanza peke yake, kisha akiwa na mtoto, ndipo muuguzi hutoa uzito wa mama. Yule mama akamfungua mtoto mgongoni, akamzungusha mbele, akamnyoosha kwangu.

"Basi nishikie, nipime mimi kwanza."

Nikampokea. Alikuwa mwepesi sana, na joto lake lilipita kwenye shati langu, nami sikujua nimshike vipi, mpaka Madam akaweka rejista chini, akaja akasimama karibu nami, kiganja chake chini ya changu, mpaka mama aliposhuka kwenye mizani.